Swichi ya Ukutani, Chumba Kinachotembea: Historia ya Kinga ya Vidhibiti vya Vyumba vya Kuchomoza katika Magari-nyumba ya Marekani

Utangulizi

Magari-nyumba ni magari na matrela yaliyojengwa ili watu wapate kulala, kupika na kuoga humo wakiwa safarini. Katika magari hayo nchini Marekani hakuna kifaa kilichobadilisha maisha ya msafiri katika miongo mitatu iliyopita kama chumba cha kuchomoza. Hiki ni kipande cha nyumba, chenye ukuta, sakafu na paa lake, ambacho husukumwa nje kwa mota gari linapoegeshwa na kuvutwa ndani kabla ya safari kuanza. Kikiwa nje huongeza kiasi cha mita moja ya upana, na sebule iliyokuwa ujia mwembamba hugeuka mahali ambapo watu wanne huweza kuketi bila kugongana magoti. Chumba hicho, pamoja na kochi, meza na makabati yaliyomo, huwa na uzito wa mamia ya kilo. Hata hivyo, kinachokiamuru kutoka au kuingia ni kitu kidogo sana, yaani swichi inayotoshana na kidole gumba, na mara nyingi swichi hiyo hubandikwa ukutani karibu na mlango.

Makala hii inachunguza historia ya juhudi za kuizuia swichi hiyo isiwashwe bila kukusudiwa. Jambo hilo linaweza kuonekana dogo mno kwa uchunguzi wa kihistoria, lakini hatari yake si ya kubuni. Chumba kikichomoza gari likiwa barabarani, huingia katika njia ya magari mengine. Kikivutwa ndani huku mtoto amesimama kati ya kochi na kabati la jikoni, mota haina macho ya kumwona. Na hata pasipo mtu wa kuumia, droo iliyoachwa wazi au kiti cha dereva kilicholazwa nyuma hutosha kuvunja mbao, kupinda reli na kuwaacha wasafiri njiani na nyumba isiyofungika.

Hoja inayotetewa hapa ni kwamba tatizo hili halikudumu kwa sababu ya uhaba wa maarifa. Maarifa ya kukinga vidhibiti yalikuwa yamekusanywa na kuandikwa karibu nusu karne kabla ya chumba cha kwanza cha kuchomoza kuuzwa katika soko la magari-nyumba. Lilidumu kwa sababu chombo chenyewe kina asili mbili. Hatari yake ni ya mtambo, lakini swichi yake ilirithiwa kutoka nyumbani, na nyumbani hakuna aliyewahi kufundishwa kuiogopa swichi ya ukutani.

Upana wa barabara na kuzaliwa kwa chumba

Wanahistoria wa magari-nyumba nchini Marekani huanza masimulizi yao mwaka 1910, ambapo kampuni ya Pierce-Arrow ilionyesha gari la kifahari la kusafiria na kulala katika maonyesho ya Madison Square Garden, New York. Katika miaka ya 1930 yalifuata matrela ya bati la alumini ya Airstream, yaliyobuniwa na Wally Byam. Matrela hayo yanahusiana kidogo na historia ya Afrika Mashariki, kwani mwaka 1959 Byam aliongoza msafara wa matrela 41 kutoka Cape Town hadi Cairo, na njia yao ilipita katika ukanda huu. Watu waliowaona wakipita waliona nyumba ambazo kuta zake hazikutikisika. Upana wa trela ulikuwa upana wa maisha ya ndani, na aliyetaka nafasi zaidi alitandaza turubai nje.

Kilichozuia kuta hizo zisitanuke kilikuwa barabara. Sheria ya barabara kuu ya mwaka 1956 ilitambua kikomo cha inchi 96, takriban mita 2.44, kwa upana wa magari katika mtandao mpya wa shirikisho. Mwaka 1982 kikomo cha malori kiliongezwa kufikia inchi 102, takriban mita 2.6, na baadaye majimbo mengi yakayaruhusu magari-nyumba kufikia kipimo hicho. Ongezeko hilo la sentimita kumi na tano halikuwatosha watu waliotaka kuishi garini kwa miezi mitatu ya baridi huko Florida au Arizona. Watengenezaji wa nyumba za kuhamishika walikwisha kujaribu, tangu miaka ya 1950 na 1960, kutengeneza sehemu za kukunjua na kuvuta ambazo zilitolewa mara moja nyumba ikishafika kiwanjani. Nyumba hizo, hata hivyo, zilihama mara chache mno. Aliyezifungua alikuwa fundi mwenye vyombo vyake, na kazi hiyo iliweza isirudiwe kwa miaka mingi.

Mwaka 1990 kampuni ya Newmar, yenye makao yake Nappanee katika jimbo la Indiana, ilileta chumba cha kuchomoza katika soko la magari-nyumba. Wazo hilo lilienea haraka. Katika wilaya ya Elkhart, ambako sehemu kubwa ya magari-nyumba ya Marekani hutengenezwa, gari lisilo na chumba cha kuchomoza lilianza kuonekana la kizamani, na baada ya muda magari yenye vyumba viwili, vitatu na hata vinne yakawa ya kawaida. Mitambo ya kusukuma ilitofautiana. Baadhi ilitumia mota ya umeme wa volti 12 na gia zenye meno, mingine ilitumia mafuta ya haidroliki, mingine ikatumia kebo na kapi, na baadaye zikaja mota ndogo zilizofichwa ndani ya kuta zenyewe.

Badiliko hilo lina jambo moja ambalo masimulizi ya sifa za biashara hayalitilii maanani. Kazi iliyokuwa ya fundi, iliyofanywa mara moja kwa miaka kadhaa, iligeuka kuwa kazi ya kila jioni na kila asubuhi, inayofanywa na mtu yeyote aliyemo ndani: baba, bibi, mgeni au mtoto wa miaka sita aliyeona wenzake wakibonyeza.

Urithi uliokwisha kuandikwa

Ili kupima ni kwa kiasi gani hatari hiyo ingeweza kutabiriwa, inafaa kurudi nyuma hadi mwaka 1943. Jeshi la Marekani lilikuwa likisumbuliwa na ajali za ajabu za ndege aina ya B-17 na nyinginezo. Ndege zilikuwa zikitua salama, kisha, zikiwa bado zinakwenda juu ya lami, rubani alikunja magurudumu na ndege ikalala kifudifudi. Ripoti ziliandika kwamba kosa ni la rubani, na kwa maana finyu zilisema kweli. Mwanasaikolojia kijana Alphonse Chapanis, aliyekuwa akifanya kazi Wright Field katika jimbo la Ohio, hakutosheka na jibu hilo. Aligundua kwamba swichi ya magurudumu na swichi ya vibamba vya mabawa, ambavyo rubani hupaswa kuvikunja baada ya kutua, zilikaa bega kwa bega na zilifanana kwa umbo. Marubani wa ndege aina ya C-47, ambayo vidhibiti vyake viwili havikuendeshwa kwa namna moja, hawakuwa na tatizo hilo. Dawa aliyoipendekeza ilikuwa rahisi kiasi cha kuchekesha. Kwenye wenzo wa magurudumu kiliwekwa kigurudumu kidogo cha mpira, na kwenye wenzo wa vibamba kikawekwa kipande chenye umbo la kabari, ili mkono utambue kabla ya jicho.

Mwaka 1947 Paul Fitts na Richard Jones walikusanya visa 460 vilivyokuwa vimeitwa makosa ya marubani katika kuendesha vidhibiti, wakavipanga kwa aina. Nusu ya visa hivyo vilikuwa vya kushika kidhibiti kimoja badala ya kingine. Vingine vilikuwa vya kurekebisha vibaya, kusahau, kugeuza upande usiofaa au kushindwa kufikia. Visa vya kugusa na kuwasha kitu bila kujua vilikuwa asilimia 5 tu. Mgawanyo huu una umuhimu mkubwa kwa mada ya makala hii. Anayesikia maneno “kuwashwa kwa bahati mbaya” hufikiria kiwiko kilichogonga kitufe, ilhali takwimu za Fitts na Jones zinaonyesha kwamba mkosaji wa kawaida zaidi ni mtu aliyekusudia kabisa kubonyeza, ila si kitufe kile. Kifuniko humzuia yule wa kwanza. Kwa yule wa pili, ikiwa vitufe vyote vimefunikwa kwa vifuniko vinavyofanana, hakisaidii sana.

Uhandisi wa ndege ulikwenda hatua moja mbele zaidi ya umbo la wenzo. Katika miguu ya magurudumu ya ndege iliwekwa swichi inayohisi uzito. Maadamu ndege imesimama juu ya magurudumu yake, amri ya kuyakunja haitekelezwi hata rubani akiitoa. Wazo la mashine kuikataa amri isiyopatana na hali yake lilikuwa la zamani zaidi ya ndege. John Saxby alipata hataza yake nchini Uingereza mwaka 1856 kwa kuunganisha nyenzo za ishara na za njia za reli ili zisiweze kupingana. Mwaka 1968, pale jeshi la Marekani lilipochapisha kiwango chake cha uhandisi wa vifaa kwa kumzingatia binadamu, MIL-STD-1472, njia za kuzuia kuwashwa kwa bahati mbaya zilikuwa tayari ni orodha inayofahamika: kukiweka kidhibiti mbali na mapito ya mwili, kukizamisha ndani ya ubao, kukifunika, kukipa ukinzani, kukifungamanisha na kingine, au kudai hatua mbili kabla ya kazi moja.

Na hata wenye orodha hiyo hawakunusurika daima. Mwezi Julai 1969, ndani ya chombo cha Apollo 11 kilichotua mwezini, iligunduliwa kwamba kichwa cha swichi ya kuandaa injini ya kuondokea kilikuwa kimevunjika, inavyoaminika kwa kugongwa na mkoba wa mgongoni wa mwanaanga aliyekuwa akigeuka katika nafasi finyu. Buzz Aldrin aliisukuma kwa kalamu. Kisa hicho husimuliwa kama mfano wa ujasiri na akili ya haraka, na ni haki yake. Kwa mtazamo wa vidhibiti, funzo lake ni la kawaida zaidi: ndani ya chumba kidogo ambamo watu hugeuka wakiwa wamebeba mizigo, kila ukuta ni mapito ya mwili. Gari-nyumba ni chumba cha namna hiyo.

Swichi iliyotoka nyumbani

Pamoja na urithi huo wote, chumba cha kuchomoza hakikupokewa na wahandisi wa ndege. Kilipokewa na maseremala na mafundi umeme wa Indiana waliozoea kujenga nyumba ndogo, na wao walifanya kile ambacho mjenzi wa nyumba angefanya. Waliiweka swichi mahali panapofikika kwa urahisi, karibu na mlango, pamoja na swichi nyingine. Ubao wa kawaida wa vidhibiti ndani ya gari-nyumba ulikuja kuwa na safu ya swichi zinazofanana, za taa ya ndani, taa ya nje, pampu ya maji, hita ya maji, turubai la kivuli, chumba cha kwanza na chumba cha pili. Maandishi madogo chini ya kila moja ndiyo pekee yaliyozitofautisha. Aliyeingia usiku akipapasa kutafuta taa alikuwa katika hali ileile ya rubani wa B-17.

Kinga ya kwanza ilikuwa swichi ya kushikilia. Chumba hutembea tu wakati kidole kimeshikilia, na kidole kikiondoka nacho husimama. Kinga hii haipaswi kudharauliwa. Kwa kuwa chumba huchukua muda wa nusu dakika hivi kumaliza safari yake, mguso wa bahati mbaya husogeza sentimita chache tu. Lakini manufaa yake huishia hapo. Haimzuii mtoto anayefurahia kuona ukuta ukitembea na ambaye hana sababu ya kuachilia, wala hauzuii mfuko wa mahindi au begi lililoegemezwa ukutani likiikandamiza swichi. Pia haimsaidii mtu aliyesimama ukutani asikoweza kuona upande wa pili wa chumba, ambako kiti hakijaondolewa.

Kinga ya pili ilikuwa ufunguo. Baadhi ya watengenezaji waliweka tundu la ufunguo kando ya swichi, na bila kugeuza ufunguo huo umeme haufiki kwenye mota. Kimantiki hii ni kinga imara kuliko zote za mkononi. Kimatumizi ilikuwa na udhaifu unaofahamika na kila mwenye kabati la nyumbani: ufunguo unaotumiwa kila jioni na kila asubuhi huishia kuachwa tunduni. Ulipoondolewa kwa uangalifu ulipotea, na chumba kisichoweza kuvutwa ndani humzuia mtu asiondoke kambini. Watengenezaji wengine waliazima kutoka kwenye ndege kifuniko chenye bawaba, ambacho ni lazima kiinuliwe kabla ya swichi kuguswa. Wenye magari walioyanunua bila kinga hizo walijitengenezea wenyewe, kwa kipande cha plastiki ngumu kilichokunjwa na kufungwa kwa skrubu juu ya swichi, au kwa kuhamishia swichi ndani ya kabati lenye mlango. Ufundi huo wa nyumbani una thamani ya kihistoria, kwa sababu unaonyesha kwamba watumiaji walilitambua kosa la usanifu mapema na hawakukubali kwamba jibu lake lilikuwa kuwa waangalifu zaidi.

Hatua kubwa zaidi ilikuwa kuifungamanisha amri na hali ya gari. Katika magari-nyumba yenye injini, swichi ya chumba iliunganishwa na breki ya kuegesha, ufunguo wa injini, au vyote viwili. Watengenezaji hawakuafikiana. Wapo waliotaka ufunguo uwe umezimwa kabisa. Wapo waliotaka injini iwe inaunguruma, ili betri isichoke katikati ya kazi, mradi breki imekazwa. Tofauti hizo zinakera kwa mtu anayehama kutoka gari moja hadi jingine, na zilihitaji kurasa nyingi za vitabu vya maelekezo. Lakini kanuni ni moja na ni ileile ya swichi ya uzito kwenye magurudumu ya ndege. Kabla ya kutii, chombo hujiuliza kama kwa sasa kimesimama kama nyumba au kinakwenda kama gari.

Ulinganisho na madirisha ya umeme unasaidia kuonyesha kilichokosekana. Kiwango cha shirikisho namba 118, kilichoanza kutumika mwaka 1971, kilidai kwamba kwa kawaida dirisha la umeme lisiweze kufungwa pasipo ufunguo wa gari kuwashwa, na sababu kuu ilikuwa watoto. Vifo havikwisha, kwa kuwa mtoto aliyeegemea dirishani aliweza kuikanyaga au kuipigia goti swichi iliyochomoza mkononi mwa mlango. Mwaka 2004 mamlaka ya usalama barabarani, NHTSA, iliongeza jaribio la tufe lenye kipenyo cha milimita 40, linalowakilisha goti la mtoto: tufe likigusa swichi, dirisha lisifunge. Mwaka uliofuata sheria ya Bunge la Marekani ilitaka swichi iwe ya kuvutwa juu ili kufunga, kwa kuwa goti husukuma lakini halivuti. Huo ni usanifu wa kiwango cha juu, uliopatikana kwa gharama ya maisha ya watoto na kwa juhudi za wazazi wao.

Kiwango hicho, hata hivyo, kinahusu madirisha, vizuizi vya ndani na mapaa ya umeme, tena katika magari yasiyozidi kilo 4,536. Gari-nyumba kubwa huzidi uzito huo, na chumba cha kuchomoza si dirisha wala paa. Ukuta wenye uzito wa ng’ombe kadhaa ukaachwa kwa hiari ya mtengenezaji, wakati kioo cha kilo chache kilikuwa na jaribio lake la kimaabara. Hali hiyo haikutokana na uzembe wa mtu mmoja. Kanuni zilikuwa zimegawanywa kwa kufuata majina ya vitu, na kitu hiki hakikuwa na jina katika mgawanyo huo.

Trela lisilojua kwamba linavutwa

Yaliyoelezwa hadi hapa kuhusu kufungamanisha yanahusu magari yenye injini. Sehemu kubwa ya magari-nyumba ya Marekani, hata hivyo, ni matrela, na kwa matrela suluhisho hilo zuri huvunjika. Trela halina ufunguo wa injini. Kwa kawaida halina breki ya kuegesha ambayo swichi ingeweza kuiuliza. Lina betri yake, na betri hiyo huiwezesha mota ya chumba kufanya kazi wakati wowote, liwe limeegeshwa chini ya mti au linavutwa kwa kilomita 100 kwa saa. Kinacholiunganisha na gari linalolivuta ni plagi ya pini saba, inayobeba umeme wa taa, wa breki na wa kuchaji betri. Kwa lugha ya kawaida, trela halijui kwamba linavutwa.

Kwa sababu hiyo, historia ya kinga katika matrela ni historia ya vitu vya mkononi. Maarufu kati yavyo ni vyuma vya kukingama, ambavyo baada ya chumba kuvutwa ndani huwekwa kati ya chumba na ukuta ili kisiteleze safarini. Vyuma hivyo hufanya kazi yake vizuri, lakini vimeleta aina ya pili ya ajali. Msafiri anayefika kambini amechoka, mvua inanyesha, watoto wanalia njaa, akabonyeza swichi kabla ya kuviondoa, huisukuma mota ya haidroliki dhidi ya chuma, na kinachosalimu amri kwanza mara nyingi ni fremu ya chumba. Hapa hakuna kiwiko kilichoteleza wala mtoto mtundu. Mtu amebonyeza swichi sahihi, kwa kusudi sahihi, wakati usio sahihi. Katika jedwali la Fitts na Jones kisa hiki kingehesabiwa miongoni mwa visa vya kusahau. Dawa inayofaa ni kumnyima mtu nafasi ya kusahau, kwa mfano kwa kuning’iniza chuma hicho mbele ya swichi chumba kikiwa nje, ili mahali palipobaki patupu pawe ndipo penye kukumbusha.

Dawa nyingine iliyopendwa na wenye matrela ni kukata umeme. Swichi kuu ya betri ikizimwa, hakuna kitufe chochote ndani kinachoweza kusukuma chochote. Njia hii ni rahisi na inaeleweka na kila mtu, lakini nayo ina mtego. Trela lenye breki za umeme hubeba kifaa cha dharura ambacho, trela likikatika kutoka kwenye gari, huwasha breki zake kwa nguvu ya betri hiyo hiyo. Kifaa hicho hupasa kuunganishwa moja kwa moja na betri, kabla ya swichi kuu. Aliyejifungia swichi yake mwenyewe mahali pasipofaa, akakata kila kitu kwa nia ya kuzuia chumba kisichomoze, huweza kuwa ameondoa bila kujua ile kinga ambayo ingelizuia trela zima lisishuke mlima peke yake. Mafundi waangalifu hukata saketi ya vyumba peke yake, kwa swichi ndogo au kwa kuchomoa fyuzi, na kuuacha mzunguko wa breki na jokofu ukiwa hai.

Kioo badala ya kitufe

Katika miaka ya 2010 safu za swichi ukutani zilianza kubadilishwa na vioo vya kugusa na programu za simu. Kwa mtengenezaji faida ni dhahiri: waya chache, ubao mmoja na sura ya kisasa. Kwa suala la kinga, badiliko hilo lilitoa kwa mkono mmoja na kuchukua kwa mkono mwingine. Kioo huweza kudai namba ya siri, huweza kuzificha amri za vyumba katika ukurasa wake wa peke yake mbali na za taa, na huweza kukataa amri endapo kompyuta ya gari inaripoti mwendo. Hayo yote swichi ya zamani haikuyaweza. Lakini kioo hakina umbo. Kigurudumu cha mpira cha Chapanis hakina mahali pa kukaa juu yake, na mkono unaopapasa gizani haupati chochote isipokuwa ubaridi wa kioo. Swali la uthibitisho linalotokea kila mara, likimtaka mtu akubali kabla ya chumba kutembea, hukubaliwa bila kusomwa baada ya juma la kwanza.

Simu iliongeza ugumu mwingine. Swichi ya ukutani, kwa udhaifu wake wote, ilimlazimisha mtu asimame ndani ya chumba kinachotembea, aone au walau asikie. Amri ya simu huweza kutolewa na mtu aliye nje akizungumza na jirani, kwa kifaa kilichokuwa mfukoni dakika moja iliyopita. Vyumba vikisha kuamriwa kwa mbali, swali la nani amesimama wapi huwa gumu kujibiwa na mashine, kwani inaweza kujua kama breki imekazwa lakini haiwezi kujua kama mlango wa kabati uko wazi. Ndiyo sababu miongozo ya watumiaji, hata ya magari yenye vioo vya kisasa kabisa, imeendelea kuagiza mambo ya kizamani: mtu mmoja asimame kwenye swichi na mwingine nje akitazama, wote wawe wamekubaliana juu ya neno la kusimamisha, watoto na wanyama watolewe kwanza, kiti cha dereva kisogezwe mbele, droo zifungwe. Na wenye matrela wengi, hata waliolipia mifumo ya simu, wameendelea kufunga ndani ya kabati la betri ile swichi ndogo ya kukata umeme wa vyumba, na kuizima kila wanapotia nanga ya trela kwenye gari.